Kwenye hesabu za mchanganyiko, anza na kile ambacho hakijaguswa

Swali: "Mwalimu, shikamoo. Mwanangu yuko darasa la saba na hesabu za uwiano zinamtoa jasho. Juzi alikuja na hili: 'Chombo kina lita 40 za juisi nzito ya embe iliyochanganywa na maji kwa uwiano wa 3:1. Ziongezwe lita ngapi za maji ili uwiano wa juisi kwa maji uwe 3:2?' Yeye akajibu lita 1, kwa sababu 1 imekuwa 2. Mimi nikapata lita 10 kwa kujaribujaribu, lakini nikashindwa kumweleza alipokosea. Na swali likigeuzwa kidogo tu, hata mimi napotea. Ipo njia moja ya kuyashika yote, au kila swali lina kanuni yake?"

Marahaba, mama. Lita 10 ndilo jibu. Na la mtoto, ingawa si sahihi, limetoka mahali panapoeleweka: ameona 1 ikigeuka 2, akahesabu kilichoongezeka. Amekosea kitu kimoja tu, amezisoma namba za uwiano kana kwamba ni lita. Uwiano wa 3:1 hausemi kuna lita 3 na lita 1. Unasema kuna sehemu nne zinazolingana, tatu za juisi na moja ya maji, na haujasema sehemu moja ina ukubwa gani. Inaweza kuwa kijiko, ndoo, au boza zima la maji. Kuutafuta ukubwa huo ndiyo kazi yenyewe.

Mwambie achore miraba minne kwenye karatasi, mitatu aipake rangi, mmoja auache mweupe. Lita 40 zikigawiwa miraba minne, kila mraba unabeba lita 10. Sasa swali linataka 3:2. Miraba ya rangi imebaki mitatu ileile, mweupe mmoja umekuwa miwili. Kwa hiyo umeongezeka mraba mmoja, na mraba mmoja ni lita 10. Hapo ataona kwa macho yake kwamba ile "1" aliyoiandika ilikuwa kweli, ila ilikuwa sehemu 1 na si lita 1. Usimfutie jibu lake. Mwambie aliandikie kipimo chake.

Kuhusu njia moja: ipo, na ni swali ambalo mtoto ajiulize kabla hajaandika chochote. Ni kitu gani hapa hakijabadilika? Katika swali lenu maji yaliongezwa, juisi haikuguswa. Juisi ilikuwa sehemu 3, ikabaki sehemu 3, ndiyo maana swali lilikuwa jepesi. Mtunga maswali akitaka kulifanya gumu hugusa hapo hapo: anahakikisha namba ya kile ambacho hakijaguswa haifanani kwenye uwiano wa kwanza na wa pili. Kwa mfano:

"Juisi na maji viko kwa uwiano wa 7:2. Baada ya kuongeza lita 16 za maji, uwiano ukawa 3:2. Juisi ni lita ngapi?"

Hapa ndipo wengi wanapotea. Wanatazama maji, wanaona 2 na 2, wanashangaa imekuwaje maji yameongezwa na namba haijasogea. Maji yameongezeka kweli. Kilichobadilika ni ukubwa wa sehemu: sehemu ya uwiano wa kwanza na sehemu ya uwiano wa pili hazilingani, kwa hiyo hairuhusiwi kuzilinganisha namba zake hivi hivi. Lazima kwanza zipimwe kwa kipimo kimoja, na anayetupa kipimo hicho ni yule ambaye hakuguswa. Juisi ni ileile, lakini mara inaitwa 7, mara inaitwa 3. Tafuta namba inayogawanyika kwa 7 na kwa 3, yaani 21, kisha upanue uwiano zote mbili hadi juisi isome 21:

7:2 inakuwa 21:6 (kuzidisha kwa 3)
3:2 inakuwa 21:14 (kuzidisha kwa 7)

Sasa zinazungumza lugha moja. Maji yametoka sehemu 6 hadi 14, zimeongezeka sehemu 8, na swali limesema ni lita 16. Sehemu moja ni lita 2. Juisi ni 21 × 2, yaani lita 42. Hakiki: mwanzo maji yalikuwa lita 12, na 42:12 ni 7:2. Mwisho maji ni lita 28, na 42:28 ni 3:2. Mzoeze kuhakiki namna hii kila mara, kwa kuzirudisha lita kwenye maneno ya swali. Inachukua nusu dakika, na kwenye mtihani ndiyo inayomwambia kama amepata au hajapata.

Sipendi mtoto wa darasa la saba aanzishiwe hesabu hizi kwa herufi x. Si kwamba x ni mbaya, itamsaidia sana sekondari. Lakini anayeanza na x hukariri hatua, na siku swali likija limegeuzwa hana pa kushika. Anayejiuliza ni kipi hakijaguswa anakuwa amelielewa tukio lenyewe, na x ikija baadaye itakuwa ni kuandika kwa kifupi kitu anachokijua.

Ile isiyobadilika si lazima iwe kiungo kimoja. Wakati mwingine vyote viwili vinaguswa, na mtoto anadhani njia imekufa. Tuseme uwiano ni 5:2, kisha inaongezwa juisi lita 6 na maji lita 6, uwiano unakuwa 2:1. Juisi imebadilika, maji yamebadilika, jumla imebadilika. Lakini vimeongezewa sawasawa, kwa hiyo tofauti kati yao iko palepale. Tofauti ya mwanzo ni sehemu 3, ya mwisho ni sehemu 1. Panua 2:1 iwe 6:3 ili tofauti zilingane. Juisi imetoka 5 kwenda 6, sehemu moja, ambayo ni lita 6. Basi mwanzo palikuwa na juisi lita 30 na maji lita 12. Maswali ya umri wa baba na mwana yanatatuliwa kwa njia hiyohiyo, kwa kuwa wote wawili huongeza miaka sawa.

Na kama kitu kimehamishwa kutoka chombo kimoja kwenda kingine, kinachobaki palepale ni jumla. Mapipa mawili yana maji kwa uwiano wa 5:3, ukamimina lita 10 kutoka la kwanza kwenda la pili yakalingana. Jumla ni sehemu 8. Kulingana maana yake 4:4. Imehama sehemu moja, nayo ni lita 10. Yalikuwa na lita 50 na 30.

Aina inayosumbua zaidi ni ile ya kuchota na kujazia. "Pipa lina lita 80 za juisi na maji kwa uwiano wa 5:3. Zikachotwa lita 16 za mchanganyiko, yakajaziwa maji lita 16. Uwiano mpya ni upi?" Wanafunzi wengi hutoa lita 16 kwenye juisi tu, au kwenye maji tu. Lakini aliyechota hakuchagua. Kilichokorogwa vizuri kina uwiano uleule juu, chini na ndani ya kata iliyochotea. Katika lita 16 zilizotoka, sehemu 5 kati ya 8 ni juisi, yaani lita 10, na lita 6 ni maji. Mwanzo palikuwa na juisi lita 50 na maji lita 30, zimebaki 40 na 24, na hizo nazo bado ni 5:3. Kuchota hakugusi uwiano hata kidogo, kunapunguza kiasi tu. Kinachogusa uwiano ni kujazia. Ukiongeza maji lita 16 unapata 40:40, yaani 1:1. Mtoto akiyatenga matendo hayo mawili, kila moja kwenye mstari wake, hatajichanganya.

Kuna mtego mwingine unaofanana na huu. Jagi moja lina uwiano wa 2:1, jingine 3:2, yakamiminwa pamoja. Karibu kila mtoto hujumlisha na kuandika 5:3. Hiyo ni kweli tu kama ujazo wa majagi hayo uko kwa uwiano wa 3:5, kwa mfano la kwanza lita 3 na la pili lita 5, kwa sababu hapo sehemu zao zinalingana. Kama majagi yanalingana ujazo, la kwanza limegawanywa sehemu 3 na la pili sehemu 5. Yagawe yote mawili sehemu 15: la kwanza ni 10:5, la pili ni 9:6. Sasa unaweza kujumlisha, na jibu ni 19:11. Swali lisiposema majagi yana kiasi gani, halina jibu. Mtoto anaruhusiwa kulisema hilo.

Naomba nitoke kidogo nje ya darasa, kwa sababu hesabu hii inatumika kila siku na watu wanaumia wakiikosea. Zege la kawaida la 1:2:4 ni saruji sehemu moja, mchanga mbili, kokoto nne, kwa ujazo. Kwenye ujenzi wa nyumba nyingi utawaona mafundi wakimwaga mfuko mmoja wa saruji, matoroli mawili ya mchanga na matoroli manne ya kokoto, na ukiwauliza watakuambia ni moja kwa mbili kwa nne. Mfuko wa kilo 50 una saruji ya takriban lita 35. Matoroli mengi huchukua lita 60 na zaidi. Kwa matoroli ya lita 60, uwiano halisi ni 35:120:240, ambao ni karibu 1:3.4:6.9. Saruji imekuwa pungufu kwa kiasi kikubwa, na zege hilo halitakuwa na nguvu ambayo mwenye nyumba anadhani ameilipia. Namba zilikuwa sawa, vipimo vilikuwa tofauti. Dawa yake ni kutumia chombo kimoja kwa vyote vitatu, ndoo ileile au boksi la mbao lenye ujazo wa mfuko mmoja. Mwonyeshe mwanao mfano huu, ataelewa kwa nini mwalimu anasisitiza kubadili vipimo viwe vya aina moja kabla ya kuandika uwiano.

Zege linafundisha na jambo la pili, ambalo vitabu vya shule huliruka. Ukichanganya lita 35 za saruji, 70 za mchanga na 140 za kokoto hupati lita 245. Mchanga huingia kwenye nafasi kati ya kokoto, na saruji kwenye nafasi kati ya chembe za mchanga, hivyo unapata karibu theluthi mbili tu ya jumla hiyo. Wakadiriaji wa majengo wanalijua hilo, ndiyo maana huchukua ujazo wa zege wanalolitaka na kuuzidisha kwa takriban 1.5 kabla ya kuugawa kwa sehemu saba. Kwenye mtihani mtoto ajumlishe kama kawaida. Siku atakapojenga, akumbuke.

Sasa asilimia. Asilimia nazo ni uwiano, ila zimeandikwa kwa namna nyingine, na hapa watu wazima hukosea kama watoto. Wakati wa Ebola wahudumu wa afya hutengeneza maji ya klorini ya asilimia 0.5 kwa ajili ya kusafishia sehemu zilizochafuka, na ya asilimia 0.05 kwa kunawia mikono. Tuseme dawa ya dukani ina nguvu ya asilimia 3.5. Jiulize tena: ukiongeza maji, nini hakibadiliki? Klorini yenyewe. Kiasi kilekile cha klorini kilichokuwa na nguvu ya 3.5 sasa kiwe na nguvu ya 0.5, kwa hiyo lazima kitandazwe kwenye ujazo mkubwa mara 7. Mara 7 ni jumla yote pamoja na dawa yenyewe. Basi ni dawa kikombe 1 na maji vikombe 6. Anayesoma "mara saba" akaweka vikombe 7 vya maji amepata sehemu nane, na dawa yake ni dhaifu kuliko inavyotakiwa. Kwa ile ya mikono ujazo unakuwa mara 70, yaani dawa 1 na maji 69. Mfundishe mwanao kutofautisha "sehemu moja kwa sita" na "sehemu moja kati ya saba". Ni mchanganyiko uleule unaoelezwa kwa njia mbili, na maswali mengi ya mtihani hujificha katikati ya hizo mbili.

Kuna swali la kinyume pia: una vitu viwili vya nguvu tofauti, unataka nguvu ya katikati, uvichanganye kwa uwiano gani? Wafugaji wa kuku hulitatua kwa mraba wa Pearson, yaani mchoro wa kutafutia uwiano wa kuchanganya vyakula viwili. Chukua pumba za mahindi zenye protini asilimia 10 na mashudu ya alizeti yenye asilimia 30, unataka chakula cha asilimia 16. (Protini ya mashudu hubadilika kulingana na yalivyokamuliwa, na kuku wa mayai huhitaji pia chokaa na madini, kwa hiyo hii ni hesabu ya protini peke yake.) Watu hufundishwa kuchora msalaba na kutoa kwa mshazari bila kuambiwa sababu, na sababu yenyewe ni nyepesi. Kila kilo ya pumba inapungukiwa alama 6 kufika 16. Kila kilo ya mashudu imezidi 16 kwa alama 14. Ili upungufu na ziada vifutane, weka kilo 14 za pumba, zitapungukiwa alama 84, na kilo 6 za mashudu, zitazidi kwa alama 84. Uwiano ni 14:6, au 7:3. Katika kilo 100, pumba 70 na mashudu 30. Hakiki: pumba zinaleta kilo 7 za protini, mashudu kilo 9, jumla 16.

Angalia jinsi namba zilivyopishana: pumba zimepewa 14, ambayo ni ziada ya mashudu. Kitu kilicho karibu na lengo ndicho kinachoingia kwa wingi. Mtoto akipata jibu linalosema mashudu ni mengi kuliko pumba, wakati 16 iko karibu zaidi na 10, ajue amegeuza. Bei za mchele wa kuchanganya zinakwenda vivyo hivyo: mchele wa shilingi 2,400 na wa 3,000 ili kilo itoke kwa 2,600 ni 400 kwa 200, yaani kilo mbili za bei nafuu kwa moja ya bei ghali. Na kama lengo haliko katikati ya bei hizo mbili, haliwezekani.

Swali ninalokuachia umjaribu nalo linatoka pwani, kwenye mabwawa ya kuanikia chumvi. Maji ya bahari kwa wastani yana chumvi za kila aina karibu asilimia 3.5 kwa uzito. Kilo 1,000 za maji hayo zimewekwa bwawani, jua likayakausha mpaka yakafika asilimia 25, karibu na pale ambapo chumvi huanza kuganda. Maji ya kilo ngapi yamepaa? Atataka kushika maji kwa sababu ndiyo mengi. Mwache ahangaike kidogo, kisha muulize jua limegusa nini na limeacha nini. Chumvi ni kilo 35 mwanzo na kilo 35 mwisho. Mwishoni hizo 35 ni robo ya kilichobaki, kwa hiyo kimebaki kilo 140, na zilizopaa ni kilo 860.